Mpini Huanza Kwenye Mpasuo

Mpini wa nyundo yangu ulivunjika nikiwa nang'oa msumari. Ilikuwa kazi ndogo, msumari wenyewe haukuwa mkubwa, na mpini ule nilikuwa nimeuchonga kwa mikono yangu miezi michache kabla. Nilitumia ubao wa mninga uliokolea rangi, nikaupiga randa mpaka ukateleza kiganjani, nikaupaka mafuta ya kitani mara tatu. Ukiutazama kwa macho, ulikuwa umenyooka kama uzi.

Haukukatika, ulichanika. Kipande kimoja kilibaki kwenye kichwa cha nyundo kikiwa na ncha ndefu kama ya mkuki, na kingine kikabaki mkononi mwangu na ncha iliyolingana na ile. Nikavirudisha pamoja juu ya meza ya kazi, nikapima. Ufa ulianzia ubavu mmoja, ukatembea sentimita 12, ukatokea ubavu wa pili. Unene wa mpini pale ulikuwa milimita 24. Yaani nyuzi za mti hazikuwa zikienda na mpini. Zilikuwa zikiukata mshazari: kila milimita 5 za urefu, zinapanda milimita 1.

Mshazari huo una hesabu yake. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, ile iliyoko Madison, Wisconsin, tangu 1910, imevunja vipande vingi vya mbao ili kujua mti hupoteza nguvu kiasi gani nyuzi zake zikipotoka. Zikipotoka 1 kwa 20, hasara ni ndogo. Zikifika 1 kwa 10, mti hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu zake za kuhimili kupindwa. Zikifika 1 kwa 5, hubaki na zaidi kidogo ya nusu. Hiyo ni kwa mzigo unaokuja polepole. Kwa pigo la ghafla, ambalo ndilo maisha ya nyundo, 1 kwa 5 huacha kama theluthi moja tu. Mpini wangu ulikuwa na theluthi ya nguvu zake tangu siku nilipoumaliza, nami nilikuwa nikiusifu kwa mng'aro.

Kuchonga sikukosea. Nilikosea siku nilipopasua ubao, kwa sababu nilifuata ukingo wake badala ya kufuata nyuzi. Na huo ukingo uliwekwa na mtu mwingine, kwa mashine, kwa ajili ya kupata mbao nyingi kadiri iwezekanavyo kutoka kwenye gogo moja. Hakuwa na mpini wangu akilini, na hapaswi kulaumiwa. Kazi ya kutafuta mpini ndani ya ubao ilikuwa yangu.

Tangu hapo mbao zote za mipini nazipasua mwenyewe, kwa mkono.

Nieleze ninachosema. Kuchana ubao kwa upana wake ni jambo ambalo kila seremala hulifanya: una ubao wa sentimita 20, unataka wa 10, unapitisha msumeno kwa urefu. Ninachozungumzia hapa ni kuufungua ubao kwa unene, kama unavyofungua mkate kwa kisu uwe mapande mawili mapana. Msumeno unasafiri ndani ya ubao wote, na wewe unaona kingo tu. Ndiyo maana wengi huiogopa kazi hii, na kwa mbao ngumu wana sababu.

Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri kuliko mimi kwa mambo mengi, aliniuliza: "Ndugu yangu, mashine ipo, kwa nini ujitese?" Nilimpa sababu mbili, na ya tatu nikamwonyesha baadaye. Kwanza, mipini ni mifupi. Mpini wa patasi hauzidi urefu wa kiganja sana, wa tupa ni vivyo hivyo, wa nyundo ni sentimita 30 na kidogo. Kipande kifupi kwenye msumeno wa mashine unaozunguka ni hatari ya wazi; kinaweza kurushwa, na mkono ukafuata. Pili, msumeno huo hula milimita 3 hivi za mbao kila unapopita, na wangu wa mkono hula moja na nusu. Ukiwa na ubao wa milimita 50 na unataka mishikio miwili ya misumeno, kila mmoja wa milimita 22, hiyo milimita moja na nusu unayookoa unaihitaji kwa ajili ya randa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Ukipasua kwa mkono huna haja ya kuwa sambamba na kitu chochote. Mashine hutaka uso ulioegemea uzio wake, yaani kile kizuizi cha kuuongozea ubao, kisha hukata sambamba na uso huo, na ukitaka mshazari sharti uitengenezee egemeo. Mimi nachora mstari nyuzi zinakokwenda, hata kama ni mshazari, na msumeno unaufuata mstari.

Lakini kwanza sharti uzione nyuzi, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye kupasua kwenyewe.

Michirizi ya rangi si nyuzi. Hilo ndilo kosa lililonivunjia mpini. Mninga una michirizi mizuri inayotembea na ubao, nami niliiamini. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, ila vitundu vya mti, ile mishipa iliyokuwa ikipandisha maji, huonekana kama mikwaruzo midogo iliyotiwa kwa sindano. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayofuata nyuzi. Ipige randa sehemu ndogo kwa makali yaliyonolewa vizuri, iinamishe kwenye mwanga wa pembeni, utaiona. Kisha geuza ubao uangalie na ubavu. Nyuzi zinaweza kunyooka kabisa kwenye uso na huku zinapotoka kwenye ubavu, au kinyume chake. Mtu anayeangalia uso mmoja ameona nusu ya habari.

Nikiwa na shaka, nadondosha tone la wino. Wino husambaa ukifuata nyuzi, na baada ya dakika chache unakuwa na mshale mdogo unaoelekeza. Nikiwa na shaka zaidi, nakata kipande cha sentimita 3 kutoka mwisho wa ubao, nakisimamisha, naweka patasi katikati na kupiga pigo moja. Mti ukipasuka wenyewe hausemi uongo. Ukiona sura ya mpasuko imenyooka, weka mstari wako sambamba nayo. Ukiona imejisokota kama kamba, umekutana na mti uliosuka nyuzi zake.

Miti mingi ya nchi za joto husuka hivyo. Inapokua huzungusha nyuzi kuelekea upande mmoja, kisha tabaka linalofuata huzungusha upande mwingine, na kuendelea hivyo hivyo. Mvule uko hivyo, mkangazi pia. Ukiipiga randa utaona mistari mipana inayong'aa na kufifia kwa zamu, na randa inang'oa nyuzi kwenye mistari ile isiyopendezwa na njia yako. Kwa mpini wa nyundo au shoka mimi siutaki mti huo. Kwa mpini wa patasi, ambao kazi yake ni kupigwa kichwani bila kupasuka, naupenda sana, kwa sababu nyuzi zilizosukana hazina njia moja ya kuachana. Mvule una jambo lake jingine: ndani yake huweza kuwa na mawe, mabonge ya chokaa ambayo mti huyaweka wenyewe, na msumeno ukigonga bonge moja, meno kadhaa yamekwisha. Nimewahi kusikia mlio huo mara moja. Ni kama kukanyaga changarawe kwa kiatu cha chuma.

Mpingo niliujaribu pia. Ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na kiini chake cheusi hulainika mpaka kikafanana na kitu kilichoyeyushwa na kumiminwa. Msumeno wangu uliteleza juu yake kwa dakika nzima kabla ya kukubali kuanza. Nilipata kipini kimoja cha patasi ya kusukuma kwa mkono, na hicho kimenitosha. Kwa vifaa vya kupigia, nategemea mkwaju na mpera, miti inayopokea pigo na kuinama kidogo kabla ya kukataa.

Sasa msumeno. Usijaribu kazi hii kwa msumeno wa kukata mbao kwa kukingama nyuzi. Meno yake yamenolewa kama visu, yafae kuzikata nyuzi. Unachohitaji ni msumeno wa mpasuo, ambao kila jino lake ni patasi ndogo inayosukuma mbele na kukwangua. Wangu una urefu wa inchi 26, sawa na sentimita 66, na una meno manne na nusu kwa inchi. Watu hushangaa kuona meno makubwa hivyo kwenye mbao ngumu. Wanadhani mbao ngumu hutaka meno madogo. Fikiria unga wa mbao unakwenda wapi. Kwenye ubao wa upana wa sentimita 13, jino likiingia upande mmoja hubeba unga wake sentimita 13 zote kabla ya kuutua nje upande wa pili. Jino dogo lina bonde dogo, bonde likijaa msumeno unaelea juu ya unga wake wenyewe, nawe unasukuma bure na kutoa jasho.

Naunoa kwa tupa ya pembetatu, nikiipitisha moja kwa moja bila kuilaza pembeni. Uso wa mbele wa jino nauacha ulale nyuma kidogo tu. Ukiusimamisha wima kabisa, kwenye mbao ngumu huuma na kukwama. Kisha meno hutanuliwa, moja kulia moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bati la msumeno. Mbao ngumu iliyokauka hutaka mtanuo mdogo. Na mtanuo usiolingana ndio mwanzo wa mateso: upande wenye meno yaliyotoka zaidi huuvuta msumeno kwake, na hakuna nguvu ya mkono itakayoushinda. Ukiona kila mara unapotokea kulia, acha kulaumu bega lako. Laza msumeno juu ya meza, pitisha jiwe la kunolea kwenye upande wa kulia wa meno, mara moja, kwa wepesi. Jaribu tena.

Kipande nilichopasua kwa ajili ya mpini mpya kilikuwa cha mkwaju, urefu sentimita 36, upana sentimita 13, unene milimita 75. Kiliwekwa kikauke kivulini muda mrefu, vichwa vyake vimepakwa nta. Nilipasua kijipande cha mwisho kwa patasi, nikaona nyuzi zinapanda sentimita 3 kwa urefu wa kipande chote. Ni 1 kwa 12. Kama ningefuata uso wa ubao, ningepata mbao tatu za unene wa kutosha, na kila mpini ungekosa zaidi ya robo ya nguvu zake za kupokea pigo. Nikichora mshazari, napata mbao mbili na mabaki mawili yenye umbo la kabari. Niliketi nayo hesabu hiyo kwa muda, kwa sababu mti mzuri ni mgumu kuutupa. Kisha nikachora mshazari.

Mstari unazunguka ubao wote: mbavu mbili na vichwa viwili. Nauchora kwa kisu, siuchori kwa penseli, kwa kuwa mkato wa kisu ni mwembamba na meno huingia ndani yake. Uso mmoja lazima uwe umenyooshwa kwa randa kabla, la sivyo unapima kutoka kwenye kitu kisichojulikana. Kwenye kichwa cha ubao naondoa kijibonde kwa patasi upande mmoja wa mkato, msumeno upate pa kulala.

Ubao naubana kwenye jiriwa ukiwa umeegemea mbali nami, kona moja juu. Naanza kwenye kona hiyo, kwa mapigo mafupi, msumeno ukibebwa badala ya kushindiliwa. Kutoka hapo kuna sheria moja ambayo sijaivunja tangu nilipoielewa: kata mstari unaouona tu. Upande wako unauona, upande wa nyuma huuoni. Kwa hiyo unaushusha mkato kwenye ubavu ulio mbele yako, mshazari, mpaka sentimita 4 au 5, halafu unageuza ubao na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Msumeno sasa una njia mbili zilizokwishakatwa, moja kila upande, na ile pembetatu iliyobaki katikati haina uwezo wa kuupoteza. Unaiondoa, unageuza tena. Geuza, kata, geuza.

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa mvivu wa kufungua jiriwa, nikipasua kutoka upande mmoja mpaka mwisho. Upande niliouona ulikuwa safi kabisa. Nilipofungua vipande, upande wa nyuma ulikuwa umetoka tumbo, kimoja kinene kama kitako cha chungu na kingine kimeliwa mpaka hakifai. Nilipoteza mbao kadhaa za mkongo kwa njia hiyo, mbao ambazo hazikuwa rahisi kupatikana, na bado zinaniuma.

Mkwaju ule ulinichukua kama dakika 40 kwa mpasuo wa kwanza. Mkono ukipata mwendo, kinachokuongoza ni sikio. Msumeno ulio huru una sauti ya chini, ya pumzi ndefu. Ukianza kubanwa, sauti hupanda na kukauka, kabla hata mkono haujahisi uzito. Nilipofika theluthi mbili, ilipanda. Nilichomoa msumeno nikaupaka nta ya mshumaa pande zote mbili, nikaingiza kabari nyembamba kwenye mwanya, wepesi, kiasi cha kuzuia mbao zisiegemeane. Ukiigongelea kabari kwa nguvu unaweza kuupasua ubao kabla ya msumeno kufika, na hapo mti ndio unaoamua pa kupita.

Kubanwa kuna maana. Ubao uliokaushwa kwa haraka hukauka nje na kukaza, huku ndani bado ukivutana. Ukiufungua, mvutano huo unaachiliwa, na mapande mawili hujikunja kuelekeana, yakiukaba msumeno katikati. Mara nyingine unauona mwanya ukifunga mbele ya macho yako. Ubao unaofanya hivyo usikimbilie kuuchonga. Bado haujamaliza kusogea.

Kuelekea katikati, unga uliokuwa ukianguka mweupe wenye umanjano ulianza kuja na chembe za zambarau iliyoiva. Nilijua nimegusa kiini. Mkwaju una kiini kidogo, cheusi chenye uzambarau, kilichozungukwa na mti mpana wa rangi hafifu, na mpaka kati yao hauendi kwa mstari ulionyooka. Kwa nje hakukuwa na dalili yoyote. Nilisimamisha kazi, nikageuza ubao, nikaangalia kama fundo linafuata. Halikuwapo. Kiini kilipita pembeni, sentimita 3 hivi kutoka ukingoni, na sehemu hiyo niliitenga baadaye kwa vipini vya tupa. Hili nalo nilimwonyesha rafiki yangu: kwamba katikati ya mpasuo bado unaweza kubadilisha nia.

Vaa barakoa nzuri ya vumbi, hata kama unga wa msumeno wa mkono ni mzito na huanguka chini. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ushahidi mkubwa ulitoka kwa watu waliofanya kazi na mbao ngumu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na pua za wengi hata kwa siku moja.

Mapande yalipoachana, niligusa nyuso za ndani kwa upande wa nyuma wa kiganja. Zilikuwa na ubaridi. Kipande kinene hivyo kinaweza kukauka nje na bado kikawa na maji moyoni, na uso uliofunguliwa ukianza kukauka, husinyaa, ubao ukajikunja kuelekea huko. Kwa hiyo siendi kwenye randa siku hiyo. Naandika tarehe kwa penseli, napaka nta vichwa upya, napanga mbao juu ya vijiti vyenye unene mmoja ili hewa ipite chini na juu, naweka uzito. Wiki mbili, mara nyingine tatu. Zilipokwisha, moja ilikuwa imeingia ndani milimita 1 katikati, nyingine ilikuwa imetulia.

Mpini wa nyundo niliuchonga kutoka kwenye ile iliyotulia, nikipanga tabaka za ukuaji ziende na upande wa pigo. Kabla ya kuuingiza kwenye kichwa niliweka ncha ya sindano kwenye mkwaruzo mmoja wa kitundu karibu na shingo, nikaufuata taratibu kwa kioo cha kukuzia, nikihamia kwenye mkwaruzo wa jirani kila mmoja ulipoisha. Ulinipeleka mpaka kitakoni mwa mpini, na haukutoka nje ya ubavu.

Yale mabaki mawili yenye umbo la kabari niliyachana kwa urefu wa nyuzi, nikapata kabari ndogo kumi na moja. Ya kwanza ndiyo iliyokaza kichwa cha nyundo ile.